Safari ya Anti Chemtai Kwenda Nyumba za Mwambani

Anti Chemtai si mtu wa kutalii, hilo mlijue mapema. Miaka yote hiyo Jedda, na bahari yenyewe amekuwa akiiona kupitia dirisha la gari, ama akiwa amekaa kwenye mkeka ufuoni akichunga viatu vya watu. Kwenye grupu ya familia ukituma picha ya mahali pazuri anajibu "Amen". Ukituma tangazo la matanga, "Amen". Nilishawahi kutuma video ya paka akianguka kutoka juu ya friji. Amen.

Kwa hivyo siku aliponitumia voice note ndefu akiuliza kama ngazi ya mbao ya Amerika inaweza kubeba mwanamke wa uzito wake, nilikaa chini kwanza. Nikamwandikia, "Anti, umeibiwa simu?" Akajibu, "Wewe Ndiema, jibu swali."

Kwa wasiomjua: jina lake ni Keziah Chemtai, mdogo wa mama yangu, mzaliwa wa Kapsokwony kule mtelemko wa Mlima Elgon. Anafanya kazi za nyumbani kwa Madam Abeer, mtaa wa Al-Rawdah, Jedda, na analala hapo hapo, kachumba kako nyuma ya ngazi. Mimi niko Riyadh, ofisi moja ya Olaya, na kazi yangu kubwa ni kuambia watu wazima wazime kompyuta halafu wawashe tena. Kati yetu kuna jangwa zima, lakini Anti hunituma kama mtu aliyelala chumba cha pili.

Maneno ya ngazi yalianzia jikoni. Faris, kifungua mimba wa Madam, anasoma chuo huko Colorado, na familia ilikuwa imepanga kumtembelea wakati wa likizo ya kiangazi. Dada yake mdogo, Jood, msichana wa shule ya msingi mwenye maswali kama polisi wa barabarani, alikuwa amefanya mradi wa darasa juu ya watu wa kale waliojenga nyumba ndani ya majabali, Wapueblo. Mahali penyewe panaitwa Mesa Verde, ni hifadhi ya taifa, na pako huko huko Colorado. Jood akasema asipopelekwa haendi Amerika, wamwache na nyanya yake. Basi jioni moja Anti anatoboa maboga madogo ya kujaza mchele, Jood akamsukumia tableti usoni.

Aliona jabali kubwa limeinama kama paji la uso, na chini yake mji. Nyumba za mawe zimebanana, madirisha madogo, minara, vyumba juu ya vyumba, na juu yake mlima mzima umekaa kama paa. Anti anasema aliacha maji ya bomba yakimwagika mpaka Jood akayafunga. Akamwambia mtoto, "Hapa ni kwetu." Jood akacheka. Akadhani ni mzaha wa watu wazima.

Haukuwa mzaha. Kogo, yaani nyanya ya Anti na mama yangu, mama ya mama yao, alizaliwa pangoni. Sisi Wasabaoti wa mlimani, wazee wetu waliishi kwenye mapango ya Elgon na ng'ombe wao. Ng'ombe nyuma, watu mbele, moto katikati, mlangoni ukuta wa fito na udongo, paa limekuwa jeusi kwa moshi wa vizazi. Halafu serikali ya wazungu ikawaamuru watoke wajenge nje waonekane, maana mtu wa pangoni ni shida kumtoza kodi. Kogo alitoka akiwa msichana. Anasema usiku wa kwanza nje hakulala, aliogopa anga.

Hiyo hadithi nyumbani tuliipenda, ila nje tuliificha. Anti alipokuwa shule ya bweni huko Bungoma, alimwambia rafiki mmoja tu, kwa siri, mahali nyanya yake alizaliwa. Kufikia chakula cha mchana shule nzima inamwita Popo. Wakizima taa bwenini wanalia kama popo. Aliacha shule kwa sababu nyingine, ila ukimuuliza kuhusu shule, neno la kwanza linalomtoka ni hilo. Tangu hapo alikuwa hajamwambia mtu tena, mpaka hiyo jioni ya maboga, tena kwa mtoto wa Kiarabu.

Nilimtania sana, sitaficha. Nilimwambia, "Anti, umevuka bahari, umevuka jangwa, sasa unavuka dunia nzima urudi pangoni?" Akanitumia imoji ya kofi. Lakini tayari alikuwa amempigia Kogo, na Kogo alikuwa amekataa kuamini.

"Wazungu wanalipa kuingia pangoni?" Kogo aliuliza. "Hawa hawa waliotutoa?"

"Wanalipa, Kogo. Na wanapanga foleni."

Kogo akacheka mpaka kifua kikamkaba. Halafu akasema, sasa kwa sauti ya chini, kwamba angependa kuiona hiyo kitu kabla hajafa. Ndipo Anti akatoa ahadi: siku akiingia humo ndani atampigia kwa video, amwonyeshe nyumba kwa nyumba. Kogo, ambaye husahau hata kama amekunywa chai, hiyo ahadi hakuisahau hata siku moja. Kila simu ilikuwa, "Lini?"

Madam Abeer mwenyewe hapendi mambo ya kupanga. Alisema Anti lazima aende kwa sababu ya Yazan, yule mtoto mdogo asiyekubali kulala mpaka abebwe na Anti, na hizo habari za hifadhi wapange yeye na Jood. Nao wakanipangisha mimi. Nikawa ajenti wa utalii bila mshahara. Nikawapa ripoti: zile nyumba zenyewe huingii peke yako, unaenda na mlinzi wa hifadhi. Tiketi zinatolewa mtandaoni wiki mbili kabla ya siku na zinaisha kama mandazi ya bure. Mtu aje na maji na viatu vya kufunga, si kandambili za jikoni. Kuna ngazi ndefu za mbao. Na nyumba mojawapo ina tundu ambalo lazima upite ukitambaa kwa magoti.

"Tundu la kiasi gani?" Anti akauliza.

"Anti, sitaki kukuvunja moyo."

"Ndiema."

"Anza kuacha chapati."

Basi mwanamke akaanza mazoezi. Ngazi za ile nyumba, ambazo kila siku anazipiga deki, akawa anazipanda na ndoo mikono yote miwili, haraka haraka. Jood akapima na rula ya shule, wakatafuta meza ya sebule ya wageni yenye nafasi inayokaribiana na lile tundu, wakawa wanatambaa chini yake, mtoto mbele, Anti nyuma, kanga imefungwa kiunoni. Siku moja Madam akaingia akakuta miguu tu imetokeza kwenye zulia. Alicheka mpaka akakaa. Akamwita mumewe aje aone. Yaani kwa muda kidogo ile nyumba ilikuwa na furaha, na Anti akawa mtu ndani yake, si mkono tu wa kuleta kahawa. Nafikiri hiyo ndiyo ilimdanganya.

Kitu kingine nilichomwambia, nilikuwa nimesoma mahali, ni kwamba wale watu wa mwambani walitoweka zamani na hakuna ajuaye walikoenda. Jood akanirekebisha kupitia simu ya Anti, kwa Kiingereza cha shule ya ghali. Alisema hawakutoweka, mvua iliwakatalia wakahama, na wajukuu wao wako hai mpaka leo, wana vijiji vyao na majina yao. Anti akachukua simu. "Umesikia? Walihama. Mtu akihama watu husema amepotea." Nikaandika Amen.

Halafu viza. Madam alimpeleka ubalozi mdogo wa Amerika mwenyewe. Tangu wanawake waruhusiwe kuendesha, Madam amekuwa dereva wa kila kitu, yule dereva wao wa Kipakistani alirudishwa kwao, na ukikaa naye mbele lazima usome dua. Huko ndani Anti aliulizwa swali lile la kuchinja watu: kwa nini tuamini utarudi? Nilikuwa nimemwandalia majibu mazuri, mkataba, kazi nzuri, familia. Akayasahau yote. Akasema, "Nyanya yangu bado hajafa." Nilipomuuliza hilo ni jibu gani akasema ndilo jibu alilokuwa nalo. Na viza ikatoka. Siku hiyo grupu nzima ilimwandikia Amen, mpaka wale wajomba wasiojuaga kuandika.

Sasa niwaeleze Kandara. Ni mtaa wa zamani wa Jedda, umejaa watu wa kazi, vyumba vya kukodi, maduka ya kila kitu, na huko ndiko anakaa Nekesa, rafiki ya Anti, Mbukusu wa Bungoma anayefanya usafi kwenye saluni. Ijumaa mchana Anti huruhusiwa kutoka saa chache, jambo ambalo wengi hawana, na huenda kwa Nekesa kusuka nywele na kutukanana. Nekesa humwita "mtu wa pango", kama Wabukusu wanavyowatania Wasabaoti wote, yeye humwita Nekesa "mwizi wa kuku". Ni yeye tu Mbukusu duniani mwenye leseni ya hilo jina. Ijumaa ile wanawake kadhaa walikusanyika kumwombea safari, runinga imefunguliwa kwa sauti ili dua ya Kikristo isivuke ukuta. Baada ya amina, mmoja mmoja akamvuta pembeni. Huyu ana binamu Minnesota. Yule ana namba ya kanisa fulani. Wote walikuwa wanasema kitu kimoja bila kukitaja.

Nekesa ndiye aliyekitaja. "Chemtai, ukifika huko kwenye mapango yenu, ingia ndani kabisa. Usitoke mpaka usikie ndege yao imepaa."

Wakacheka wote. Anti hakucheka.

"Nikibaki bila karatasi, Kogo akienda nani atanipa ndege ya kurudi kumzika?" akasema. "Mimi naenda kuangalia. Nikiangalia narudi."

Mimi pia nilimuuliza, kwa simu, kwa siri, kama mtu mzima. Jibu lilikuwa hilo hilo. Nilimwamini wakati ule na ninamwamini sasa. Mama yake alimzaa tu, lakini Anti alilelewa na Kogo, alilala kwenye kitanda chake mpaka akawa msichana mkubwa. Mtu wa aina hiyo hatoroki.

Likaja suala la sanduku. Wanawake wa kazi za nyumbani huku kila mmoja ana sanduku lake, boksi kubwa la kargo linalokaa pembeni ya kitanda, na kila kitu anachopata kinaingia humo: sabuni, vikombe, mashuka, nguo za watoto ambao amewaacha wakiwa wadogo na sasa hajui saizi yao. Linajaa pole pole mpaka mkataba uishe. Likijaa linaenda kwa meli, nawe unafuata kwa ndege. Ndiyo maana sanduku likitoka mlangoni, kila mtu anaelewa mwenyewe yuko njiani. Na ipo sheria ambayo hakuna mahali imeandikwa ila kila mwanamke wa Kandara anaijua: usitume sanduku kabla ya kusafiri nje na familia. Kamwe. Hata kama limejaa mende.

Anti aliijua. Nekesa alimkumbusha, akamwambia alete boksi chumbani kwake likae mpaka arudi. Lakini mvua ilikuwa imeanza mlimani, ile ya baridi inayoingia mifupani, na kifua cha Kogo kilikuwa kimerudi. Mama yangu alikuwa ametuma voice note ambayo ndani yake unasikia kikohozi tu, nyuma. Sandukuni mlikuwa na blanketi nzito mbili za huku, zile ukijifunika unaota uko motoni. Meli ni polepole. Angesubiri mpaka arudi kutoka Amerika, blanketi zingefika mvua imekwisha, pengine na Kogo amekwisha. Anti akafikiri: wananijua, miaka yote hii, nimelala na mtoto wao kifuani. Akapigia watu wa kargo. Wakaja na gari lao lenye maandishi makubwa ubavuni, wakaegesha langoni mchana kweupe, wakabeba.

Ng'ambo ya barabara anaishi Mama Sultan. Kiangazi cha mwaka uliotangulia, Mama Sultan alikwenda London na mfanyakazi wake, Mkenya pia, Roseline, na Roseline aliingia choo cha duka moja kubwa hakutoka. Alitokea mlango mwingine, na yuko huko huko mpaka leo. Baadaye ndipo Mama Sultan alipokumbuka kwamba Roseline alituma sanduku lake kabla ya safari. Kwa hivyo alipoona lile gari la kargo kwa jirani, alipiga picha. Picha ikaingia kwenye grupu ya wanawake wa mtaa kabla gari halijafika kona.

Madam Abeer hakupiga kelele. Ningependa kusema alipiga kelele, ingekuwa rahisi kumchukia. Alimkuta Anti chumba cha watoto, akaketi sakafuni karibu naye, akaanza kumsaidia kukunja nguo za Yazan.

"Kizia," akasema, ndivyo anavyoliita lile jina, "sanduku lako limeenda?"

"Ndiyo, madam. Ni blanketi za nyanya yangu. Anaumwa kifua."

"Blanketi tu?"

Anti hajui kusema uongo. "Yote, madam. Sanduku lote."

Madam akakunja shati dogo, akalilaza juu ya mengine. "Mfanyakazi wa jirani pia alikuwa mzuri. Watoto walimpenda."

"Madam, mimi nitarudi. Wallahi."

"Najua unataka kurudi," Madam akasema. "Lakini ukifika huko, utabadilika. Mtu yeyote angebadilika. Hata mimi." Akasimama. "Halas. Utakwenda Riyadh kwa dada yangu mpaka turudi. Yeye ana wageni wengi kiangazi hiki."

Basi. Hivyo tu. Anti aliniambia lililomuuma zaidi ni kwamba Madam alisema kwa huruma, kama mtu anayekufungia mlango ili usianguke.

Alijaribu. Alisema Madam achukue simu yake, alale nayo. Pasipoti tayari walikuwa nayo wao. Alisema atashikana mkono na Jood kila hatua. Jood alilia siku nzima akagoma kula. Baba, mume wa Madam, alisema mambo ya wanawake wa nyumbani hayaingilii. Nekesa alipiga simu akilia na kufoka kwa pamoja: "Nilikwambia! Mtu wa pango wewe, nilikwambia uniletee hilo boksi!" Na mimi, mtaalamu wa kuzima na kuwasha, nilianza kusoma sheria. Yale mabadiliko makubwa, ya mtu kuhama kwa kafili, mwajiri anayemdhamini, na kusafiri bila kuombewa ruhusa, yalinigusa mimi wa ofisini. Wa nyumbani hawakuwekwa humo. Na hata wangewekwa, hakuna sheria inayomlazimisha mtu akupeleke kutembea. Mimi na Anti tuna ikama, vibali vya kuishi huku, za rangi moja, lakini sheria ikifika kwenye mlango wa nyumba za watu inavua viatu, inakaa nje.

Tiketi nilikuwa nimezinunua mimi, na kadi ya Madam, siku hiyo hiyo zilipofunguliwa, nikiwa nimebaki ofisini baada ya kila mtu kuondoka ili nibonyeze kwanza. Majina ya wote, na la Anti katikati. Sasa akaniambia nisiliondoe. Labda Madam atabadilisha nia. Mpaka siku ya ndege alikuwa anafunga na kufungua begi. Ndege ikaondoka. Yeye akapandishwa ya Riyadh.

Riyadh ya kiangazi hata mbuzi angekataa. Nyumba ya dada yake Madam iko kaskazini, kubwa, wageni kila jioni, na Anti huko hakuwa na jina. Walimwita "ya bint", yaani "we msichana". Nilimwona mara moja tu, kwenye duka kubwa la Olaya ambako walimleta abebe mifuko. Nilikuwa nimeruka chakula cha mchana nimkute. Tukasimama kando ya mashine za kutolea pesa kama watu wasiojuana. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Nikajaribu kumchekesha, nikamwambia sasa lile tundu angepita amesimama wima. Akatabasamu kidogo, kwa ajili yangu.

"Kogo umemwambia?" nikamuuliza.

"Bado."

"Anti."

"Nitamwambia. Usimwambie mama yako." Halafu akaitwa, akaokota mifuko, akaenda nyuma yao.

Siku ya tiketi ikafika, ile Anti aliyokuwa amemtajia Kogo zamani. Huko kwao ni asubuhi, huku ni jioni. Nilikuwa nimerudi chumbani, naangalia simu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mtu mwingine. Status ya Madam ikaja: picha ya mbali, ng'ambo ya bonde, jabali na vidude vya rangi ya mchanga ndani yake, na imoji tatu za moyo. Picha ya pili, sahani za chakula. Nikangoja ya ngazi, ya tundu, ya ndani. Haikuja. Badala yake Anti akanitumia voice note ambayo Jood alikuwa amemtumia walipopata mtandao. Mtoto alikuwa anasema kwa kwikwi kwamba hawakuingia. Mama aliziona ngazi akasema hapana. Yazan alilia, hataki kubebwa na mtu yeyote. Baba aliona jua kali. Waliangalia kutoka juu wakaenda kula. "Ni ndogo, Kizia," alisema. "Kutoka juu ni ndogo sana."

Tiketi zote zile, hakuna aliyeingia.

Nilikuwa sijamaliza kuisikiliza, Anti akapiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejificha stoo.

"Kogo anapiga simu. Amepiga tena na tena. Niunganishe, uwe hapo. Siwezi peke yangu."

Nikaunganisha. Video ikafunguka, na nilichokiona sitaki kukisahau ingawa ningependa. Kogo alikuwa amekaa kiti cha wageni, amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, taa imewekwa karibu na uso. Nyuma yake watu. Majirani, wazee wawili wa kanisa, mke wa mwalimu mkuu aliyetoka huko bondeni, watoto wamepanda juu ya mabega ya wengine. Alikuwa amewaalika. Wale waliomcheka miaka yote kwa kuzaliwa pangoni, aliwaita waje waone wazungu wakipanga foleni. Chai ilikuwa imepikwa. Mama yangu ndiye alikuwa ameshika simu, na uso wake unang'aa.

"Chemtai," Kogo akasema. "Uko ndani? Kuna giza."

Giza lilikuwa la stoo. Nyuma ya Anti nilikuwa naona magunia ya mchele.

"Kogo," Anti akasema kwa Kisabaoti, polepole. "Sikuenda."

"Umechelewa?"

"Waliniacha. Niko Riyadh. Niko kazini."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, simu nzima imejaa hiyo mvua. Uso wa Kogo ulisogea karibu kabisa na kioo, tukaona jicho moja lenye ukungu na mikunjo yake. Halafu akageuka kwa watu wake, akanyoosha mgongo, na nikamsikia akiwaambia kwa sauti ya mwenye nyumba kwamba mtandao umekatika. Huko majabalini, alisema, mtandao ni shida, jabali ni nene. Wanywe chai waende, atawaita siku nyingine. Mke wa mwalimu mkuu akasema pole. Viti vikaburutwa. Mtoto mmoja akauliza kama popo wako humo ndani, akachapwa. Mama yangu alikuwa ameshusha simu, tukawa tunaona sakafu ya udongo na miguu ya watu ikitoka, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikabaki miguu ya Kogo, na viatu vya Jumapili.

Simu ikainuliwa.

"Wameenda," Kogo akasema. "Sasa sema."

Kutoka nje ya stoo mtu aliita, "Ya bint!" Anti hakuitika. Alikuwa amefunika mdomo kwa kona ya shela, mabega yanapanda na kushuka. Wakaita tena, karibu zaidi.

"Nilitaka kuingia tu, Kogo," akasema. "Niingie, nitoke."